Tulipe uchunguzi wa gari kabla ya kulipia spea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili niseme jambo ambalo kwa muda wa miaka mitatu nimelisema gereji, barazani na nyumbani bila ya kupata wa kunisikiliza hadi mwisho, pengine kwa sababu anayelisema ni mtu mzima wa miaka 51 aliyenunua gari la spoti, na mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa amejitakia mwenyewe.

Gari lenyewe ni Mazda RX-8 ya mwaka 2004, jekundu, la gia za mkono, lililotumika kwao Japani kabla ya kuletwa hapa Unguja, nami nililinunua mwaka 2022 katika yadi moja ya magari kwa shilingi milioni 12. Lilikuja na karatasi yake ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa kule lilikouzwa Japani, yenye alama 4, ikieleza kwamba bodi ni safi, viti ni vizima na hakuna pahala palipogongwa. Niliisoma karatasi ile kama mtu asomaye hati ya ndoa. Sikujua wakati huo kwamba wakaguzi wa minada hutazama zaidi bodi, hali ya ndani na kilomita zilizotembewa, na kwamba kuhusu afya ya injini hawaandiki zaidi ya kasoro waliyoiona au kuisikia siku ile ya ukaguzi. Niliuziwa mbuzi ndani ya gunia, ila gunia lenyewe lilikuwa limepigwa pasi.

Wasomaji wengi wanalijua gari hili kwa milango yake ya nyuma inayofunguka kinyume, lakini kinachofanya liwe na mambo yake kimo chini ya boneti. Injini yake ni ya rotari, haina pistoni wala valvu. Ndani yake mna rota mbili za pembe tatu, kila moja ikizunguka katika chumba chenye kiuno mfano wa nambari 8, na katika kila ncha ya rota kuna sili nyembamba inayozuia mgandamizo usivuje kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukubwa wa injini ni lita 1.3 tu, kama ya gari dogo la kwendea sokoni, lakini hii ya gia za mkono inaweza kuzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, na sauti yake inapofika huko juu ni kitu ambacho sitakikana hata leo, pamoja na yote yaliyonipata.

Sili hizo hulainishwa kwa oili inayoingizwa makusudi ndani ya injini ikaungua pamoja na petroli, kwa hiyo gari hili hula oili likiwa zima. Hilo limo katika maumbile yake, na mwenye gari anatakiwa achomoe kijiti cha kupimia oili mara kwa mara, si kungojea siku ya sevisi. Mimi sikuambiwa. Taa ya oili ilipowaka katika wiki ya tatu nilikimbilia gereji, na fundi wa kwanza, baada ya kutazama kijiti na kutikisa kichwa, akaniambia kwamba ringi za pistoni zimekufa na injini lazima ifunguliwe. Namshukuru Mungu kwamba siku ile sikuwa na fedha, kwa sababu ningemlipa mtu kubadilisha ringi katika injini isiyokuwa na pistoni.

Kisa cha pili ndicho kilichonifungua macho, nacho kilianza kwa mita tano. Jirani yangu hapa Fuoni alikuwa akiletewa mchanga, lori likakosa njia, nikaliwasha gari asubuhi likiwa baridi, nikalisogeza kando ya ukuta na kulizima. Mchana halikuwaka. Injini hii ikiwashwa ikiwa baridi kisha ikazimwa papo hapo, petroli nyingi iliyomiminwa kwa ajili ya kuamsha injini hubaki ndani, huziroweka plagi na kuosha ile oili inayosaidia sili kubana, na baada ya hapo stata itazungusha mpaka betri ife. Mwenye kulijua gari hukanyaga pedeli ya mafuta hadi chini, ili nozeli zifungwe, akazungusha stata kwa muda hadi petroli itoke, na likishindikana hilo huzifungua plagi zote nne na kuzikausha. Ni kazi ya saa moja.

Kwangu ilikuwa kazi ya siku 9. Fundi wa pili alisema ni betri, nikanunua betri. Akasema ni pampu ya petroli, nikanunua pampu, ambayo ilibidi iagizwe Bara na kuja kwa boti. Aliposema kwamba sasa ni stata, nilimuuliza, kwa adabu zote, amejuaje, naye akanijibu kwa ukweli ambao mpaka leo unanifanya nimheshimu: "Ami, tunajaribu. Ikikataa hii tutajua si hii." Aliyeliwasha hatimaye ni kijana wa gereji ya jirani, mtaa wa Kwa Mchina, aliyekuwa amepita kuazima spana. Alizifungua plagi, akazinusa, akacheka. Spea zote mbili nilizonunua zilikuwa hazihitajiki, na ile pampu ya mwanzo, iliyokuwa nzima, sikuiona tena.

Mhariri, hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu barazani kwetu kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili na zote naona zimekosea. Wako wanaosema kwamba gari la spoti ni gari bovu, na mtu mwenye akili hununua Vitz au Noah. Wako wanaosema kwamba mafundi wetu ni matapeli. Mimi nimeshinda gereji muda wa kutosha kuona kwamba shida imo katika namna tunavyolipana. Fundi wetu halipwi kwa kutazama. Ukimpelekea gari akashinda nalo tangu asubuhi, akapima umeme wa koili zinazowasha plagi, moja baada ya nyengine, akafuatilia waya hadi akapata palipoliwa na kutu, akasafisha na kulifunga, mwenye gari atauliza, "Sasa umebadilisha nini?" na akiambiwa hakuna kilichobadilishwa atatoa shilingi elfu tano ya chai na kuondoka akinung'unika. Lakini fundi yule yule akitoa kitu cha zamani na kutia kipya, hata kama si hicho kilichoharibika, analipwa ufundi wake na pengine anapata chochote kwa muuza spea. Sisi wenye magari ndio tuliowafundisha mafundi kupiga ramli, kwa sababu ramli ndiyo tunayoilipia.

Kwa gari la kawaida ramli hupatia, maana fundi aliyekwisha kufungua Vitz mia moja anajua kwa mazoea linaloumwa. Kwa gari ambalo pengine yako machache tu kisiwani, mazoea hayo hayapo, na kila kubahatisha kunamgharimu mwenye gari fedha za spea isiyopatikana Darajani.

Naomba nitoe mfano wa kipimo, kwani ndicho kilichonionyesha kwamba injini yangu imekwisha. Mwaka jana gari lilianza tabia ya kuwaka vizuri asubuhi na kukataa likiwa moto. Nilisimama Kinyasini nikitoka Nungwi, nikanunua ndizi, nikarudi, halikuwaka mpaka jua lilipokaribia kuchwa na injini kupoa. Kwa injini ya rotari dalili hiyo inajulikana: mgandamizo umepungua, sili zimechoka. Fundi alipima kwa geji ya kawaida ya kupimia kompresheni, yaani huo mgandamizo, sindano ikapanda vizuri, akasema nguvu ipo na tatizo ni koili. Nikanunua koili nne.

Fundi hakudanganya na geji haikuwa mbovu. Rota moja ina pande tatu, na zote tatu hupita mbele ya tundu moja la plagi. Geji ya kawaida hushikilia kipimo kikubwa kuliko vyote ilichokutana nacho, kwa hiyo upande mmoja ukiwa mzima na mbili zimekufa, bado utaona namba nzuri. Chombo maalumu cha injini hii husoma kila upande peke yake. Kiwango cha chini cha Mazda kwa gari hili ni kilopaskali 680 injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya pande za rota moja isizidi kilopaskali 150. Chombo hicho sijakiona hapa. Hata hivyo, kijana wangu wa Kwa Mchina aliichukua geji ile ile ya kawaida, akakibana kile kitufe cha kutolea upepo ili sindano isishike, akaniambia nizungushe stata huku yeye akitazama inavyoruka. Inatakiwa iruke mara tatu tatu, kwa mapigo yaliyo sawa. Rota ya nyuma iliruka sawa. Ya mbele iliruka mara mbili kwa nguvu, na ya tatu ikawa kama mtu anayepandisha ngazi kwa mguu mmoja. Ilichukua dakika 20 na haikugharimu hata senti moja ya spea. Lau angepimiwa hivyo mnunuzi siku ile yadi, milioni 12 zingebaki benki.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi. Nilinunua injini ya mtumba kutoka Bara, nayo haikuwa imepimwa na mtu yeyote, na baada ya miezi saba ikaanza dalili zile zile. Masega ya ekzosi, yaani yale ya kusafishia moshi, yaliziba, kwa sababu koili za mwanzo zilikuwa dhaifu na petroli isiyoungua ilikuwa ikienda kuungulia huko, fundi akayakata na kuyachukua. Nimejua baadaye kwamba ndani yake mna platinamu na madini mengine ya thamani, na kwamba wako watu wanaoyanunua. Bampa la mbele limeshonwa kwa waya mara mbili kwa ajili ya matuta. Hewa yetu ya chumvi imefanya ilichofanya chini ya gari.

Wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini nawakumbusha habari ya kampuni ya NSU ya Ujerumani, nchi alikotoka Felix Wankel aliyebuni injini ya namna hii. Mwaka 1967 NSU walitoa gari liitwalo Ro 80, zuri kuliko mengi ya wakati wake, na sili zake zikafa mapema kiasi kwamba kampuni ilikuwa ikiwabadilishia wateja injini nzima kwa gharama zake. Mwaka 1969 NSU ikaingia mikononi mwa Volkswagen. Mazda wenyewe, walioshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rotari, walilazimika kuwaongezea wateja wao wa Marekani dhamana ya injini ya RX-8 hadi miaka 8 au maili 100,000. Yaani mtengenezaji alijua, na aliyenunua gari jipya akalindwa. Sisi tunanunua mtumba wa miaka 18, hatuna dhamana ya mtu yeyote, na ulinzi pekee unaotubakia ni kupima kabla ya kutoa fedha.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwa wenye yadi: gari lolote la spoti linalouzwa, liwe la rotari au la tabo, liandikiwe kipimo cha mgandamizo kwa kila silinda au kila upande wa rota, pamoja na tarehe na jina la aliyepima, na mnunuzi aruhusiwe kuja na fundi wake kulipima tena likiwa baridi na likiwa moto. Muuzaji ataona uzito, lakini mwenye gari zima atauza kwa bei nzuri zaidi kuliko sasa. La pili ni kwa sisi wenye magari na kwa vyuo vinavyofundisha ufundi huo, kama vile vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe na Vitongoji: uchunguzi uwe kazi yenye bei yake, iliyobandikwa ukutani gereji, inayolipwa hata kama hakuna spea iliyobadilishwa. Mimi sasa namlipa kijana wangu shilingi elfu 30 kwa kila asubuhi ya kupima tu. Mwanzoni alizikataa kwa haya, akisema hajafanya kitu.

Gari langu linauzwa. Kwenye kioo cha mbele nimebandika karatasi ya mapigo ya rota zote mbili, yaliyopimwa mwezi uliopita likiwa moto. Upande mmoja wa rota ya mbele ni dhaifu, imeandikwa hivyo kwa kalamu nyekundu, na bei nimeipunguza kwa kiasi hicho. Watu wanne wamekuja kulitazama hadi sasa. Watatu waliisoma karatasi wakaniaga. Wa nne hakuisoma; aliniomba nilitie moto asikie mlio, akataka kutoa fedha pale pale. Nimemwambia aende, arudi na fundi.

Wako,
Mwenye RX-8,
Fuoni, Unguja.