Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Jimbo la Haut-Katanga: Tupe njia, ukumbi tutajitafutia

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mpiga kinanda wa kundi la waigizaji watatu. Nina ombi moja kwako, na si la pesa: karatasi moja ya ruhusa ya kuigiza ambayo komini (manispaa) ya Kenya hapa mjini wataikubali, Ruashi wataikubali, Kampemba wataikubali, na ambayo hata tukifika Likasi au Kipushi hakuna mtu atakayetufungulia dosye (faili) mpya. Jambo lenyewe ni dogo, ila nitaanza mbali, maana mchezo tunaotembea nao una historia yake, na karatasi za serikali zimo ndani tangu mwanzo.

Ni mchezo wa kuchekesha na kuimba, wa tendo moja. Mwenye nyumba anapangisha chumba kimoja kwa watu wawili. Mmoja hufanya kazi usiku, mwingine mchana, na hawajawahi kuonana. Anakula kodi mara mbili, garanti mara mbili, na kila asubuhi hukimbia kutandika kitanda kabla wa usiku hajarudi. Kwetu sisi, wa usiku yuko zamu kwenye kiwanda cha shaba na wa mchana anauza vitenge sokoni. Watu wa Katuba huapa kwamba tumeutunga wenyewe, tena tumemlenga baba fulani wa avenyu yetu. Hapana. Mwingereza John Maddison Morton aliuonyesha London mwaka 1847 kama mchezo wa maneno matupu, na yeye alikuwa amechota sehemu yake kutoka vichekesho vya Paris. Muziki ulikuja mwaka 1866: Francis Burnand aliandika nyimbo, Arthur Sullivan akazitungia sauti, nao ukaitwa Cox and Box.

Na kilichowapa hamu ya kutunga mchezo wa kuimba wa watu wachache ni kitu kingine cha Paris. Hapo ndipo ninapokuomba usogeze kiti karibu, Mheshimiwa.

Mwaka 1855 mtunzi wa muziki Jacques Offenbach alipata kibali cha kufungua ukumbi mdogo Champs-Élysées, wakati mji umejaa wageni wa maonyesho makubwa ya dunia. Kibali kilikuwa na masharti: michezo iwe ya tendo moja, na wanaosema jukwaani wasizidi watatu. Yeye akaanza na wawili tu. Wanaume wawili wanaojifanya vipofu wanagombea nafasi ya kuombea kwenye daraja, mmoja ana trombone, mwingine mandolini. Les deux aveugles ulionyeshwa usiku wa ufunguzi, tarehe 5 Julai 1855, na mwaka 1857 kundi la Offenbach lilikuwa limeshavuka bahari na kuigiza London. Baadaye idadi iliruhusiwa kufika wanne. Offenbach akataka mtu wa tano, basi mwaka 1857, kwenye Croquefer, akamweka askari aliyekatwa ulimi, anayejibu kwa maandishi ya kwenye mabango. Hasemi, kwa hiyo hahesabiki! Mwaka uliofuata masharti yalilegezwa, na tarehe 21 Oktoba 1858 akatoa Orphée aux enfers, mchezo mkubwa wenye watu tele. Wengine husema masharti yale ndiyo yaliyomfanya awe mjanja. Mimi nadhani alikuwa mjanja tayari, masharti yalimchelewesha tu.

Burnand aliupenda mchezo wa vipofu alipouona ukiigizwa nyumbani kwa watu, akataka wa kwake. Cox and Box ukaanzia pia nyumbani, mbele ya marafiki, mwezi Mei 1866. Sullivan hakuwa ameandika sehemu ya piano. Alikaa akaipiga papo hapo, kutoka kichwani. Kila kinanda chetu kinapokosa umeme katikati ya wimbo nami nikaendelea kwa kugonga meza, humkumbuka ndugu yule. Tarehe 11 Mei 1867 mchezo ulipanda jukwaa la Adelphi, ukumbi wa London, mbele ya hadhara, kuichangia familia ya mchoraji wa magazeti aliyekuwa amefariki, na mwaka huohuo ukapelekwa Manchester kwa kazi hiyohiyo ya kuchangisha. Yaani safari yake ya kwanza ilikuwa ya matanga. Hapa Lubumbashi sihitaji kumweleza mtu hilo.

Mwaka 1869 ulipata makao kwenye Gallery of Illustration, ukumbi mdogo wa German Reed na mkewe, ukaonyeshwa mara 264. Ukumbi ule ulikusudiwa watu wa dini na heshima zao, ambao kuonekana wakiingia thieta ingekuwa aibu, hivyo neno thieta halikutajwa kabisa; mchezo uliitwa kielelezo. Sisi nasi tunajua. Ukitaka ukumbi wa parokia ufunguliwe, andika kwenye barua kwamba ni uhamasishaji. Padri anacheka kuliko wote, ila barua yake iko safi.

Baada ya hapo mchezo uliishi kwa kubebwa. Mwaka 1894 ulikuwa kwenye ukumbi wa Savoy, London, ukitangulia mchezo mrefu wa jioni. Mwaka 1921 kampuni ya waigizaji ya D'Oyly Carte iliukata ukabaki kama nusu saa, ili uoane na michezo mingine mifupi kwenye safari zao, ukazungushwa mji kwa mji kwa miaka mingi. Kampuni yenyewe ilifunga mwaka 1982. Mchezo haukufunga, kwa sababu unataka watu watatu, kitanda, dirisha na kitu cha kupikia. Sisi tuna mbabula, jiko la makaa. Kuna pale mpangaji wa usiku anapoweka nyama yake motoni na kuiimbia wimbo wa kuibembeleza ilale, halafu analala yeye. Sisi tumeweka kapenta, samaki wadogo wakavu. Mwigizaji wetu huchukua kapenta mmoja mkiani, humfunika kitambaa, humwimbia polepole hadi akina mama wa mbele wanaanza kuitikia, na harufu imeshafika mlangoni. Mwenzake anaingia, anaona kapenta wa nani sijui kwenye moto wake, anawatupa wote dirishani. Watoto wa nje hungoja hapo na sahani. Mwisho wapangaji wanagundua kwamba ni ndugu waliopotezana. Mmoja anamuuliza mwenzake kama ana alama mkononi, mwenzake anasema hana, na yeye analia: basi ni wewe! Sijawahi kuona sehemu hiyo ikashindwa.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa, kwamba tumekwenda Ulaya kutafuta kicheko. Kicheko hapa kipo. Kwenye komini ya Kenya, miaka ya 1950, walikuwepo JECOKE, vijana wachekeshaji waliochanganya nyimbo, ngoma na vituko. Baadaye kundi la mchekeshaji Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili chetu cha hapahapa, bila maandishi, redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 walichukua usemi kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi, wakautengenezea mchezo, na wakauonyesha kijijini Kawama, kamera zikiwa mbele yao. Mtu kutoka nje, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ndiye aliyekaa nao mazoezini na kuyaandika waliyosema. Sisi wenyewe tulikuwa tunacheka tu.

Sasa kilio changu. Jumapili moja tulikuwa na ruhusa ya komini yetu, imepigwa mhuri, na tulikwenda kuigiza komini ya jirani ambayo sitaitaja. Viti vya plastiki vimepangwa, watu wameshakaa, mbabula imeshika moto. Akaja mtu kutuita ofisini. Mama aliyekuwa zamu alikuwa mpole, nasema kweli. Akasoma karatasi yetu mbele na nyuma.

«Hii ni ya kule. Huku muko bantu ngapi?»

«Tuko batatu, mama.»

«Na wewe wa kinanda?»

«Mimi sisemi kitu, mama. Napiga tu.»

«Lakini uko muntu. Basi muko bane. Hapa pameandikwa batatu.»

Nilimfikiria yule askari wa Paris asiye na ulimi, nikanyamaza. Tuliandika barua nyingine, tukaambiwa mkubwa wa kutia sahihi yuko Jumatatu. Watu waliondoka. Kapenta tuliwala wenyewe, na bei ya kukodi viti haikurudi. Hayo hayakutupata mara moja, na hayatupati sisi peke yetu. Ongea na wacheza ngoma, ongea na wenye sarakasi. Kila mpaka wa komini ni ofisi mpya, na kila ofisi ina bei yake, yenye risiti au isiyo na risiti.

Kundi kubwa lenye gari na wafadhili linaweza kuvumilia, kwa sababu linaonyesha mahali pamoja kwa watu elfu. Mchezo wa nusu saa hauwezi. Faida yake iko katika kuhama: leo Kamalondo, kesho Kenya, Jumapili Kipushi. Ukiusimamisha kila penye mpaka, umeua, hata kama hukukataza chochote.

Najua utaambiwa kwamba dawa ni ukumbi. Wengi wanataka Jengo la 30 Juni la hapa mjini lirudi kwenye kazi yake, kwa kuwa lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa michezo ya jukwaani, na leo wabunge wa jimbo ndio wanaokaa mle. Wana haki, na wakiandamana nitawapigia kinanda. Lakini kwa mchezo wetu jengo lile ni kubwa mno. Mtu wa nyuma hatamwona kapenta. Sisi ukumbi tunajitafutia: parokia, shule, baa siku ambayo hakuna mpira, uwanja wa mama mwenye watoto wanane.

Kwa hiyo naomba karatasi moja, ya mwaka mzima, ya jimbo zima, yenye jina la kundi na jina la mchezo, bei yake ijulikane na ilipwe mahali pamoja. Komini ipewe taarifa siku mbili kabla, kwa usalama, na ikiwa na sababu ya kukataa iiandike. Nafasi ya idadi ya watu ikibidi iwepo, iandikwe «hadi kumi», tusihesabiane tena mlangoni. Rasimu nimeiacha kwenye sekretariati yako, kurasa mbili.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaigiza hapa Katuba, saa kumi jioni. Ukija tutafurahi sana. Ila umwambie mlinzi wako asikae chini ya dirisha.

Mpiga kinanda,
Katuba, Lubumbashi