Kabla ya kufufua viwanda vya nguo, pangeni vumbi litakwenda wapi

Mhariri,

Tangu mashine za KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, zizimwe miaka ya 1990, anayeahidi kukifufua kiwanda hicho huhesabu ajira na ekari za pamba za Siaya na Busia. Chumba cha kuchania pamba hakitajwi, na ndicho kilichowamaliza wafanyakazi wengi huko Uingereza.

Pamba ilipochanwa nyumbani kwa vibao viwili vyenye meno ya waya, vumbi lilikuwa kidogo. Mwaka 1775 Mwingereza Richard Arkwright akapata hataza (haki ya mvumbuzi) iliyohusu pia mashine ya kuchana: ngoma iliyovikwa meno ya waya, izungukayo bila kupumzika. Ngoma hiyo hunyoosha nyuzi, na papo hapo hurusha hewani majani makavu na vikonyo vilivyokuja na robota. Madirisha nayo hufungwa, maana hewa ikikauka uzi hukatika ovyo. Vumbi likabaki ndani na watu. Sheria ya Uingereza ya 1833 ilizuia watoto chini ya miaka 9 katika vinu vingi vya nguo, ikaweka wakaguzi 4. Wachanaji walioharibika mapafu walianza kufidiwa miaka ya 1940. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Ugonjwa wenyewe, bisinosi, yaani maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la pamba, una hila. Kifua hukaza Jumatatu, mtu akirudi kutoka mapumzikoni, kisha Jumanne akaona nafuu. Msimamizi hudhani ni pombe ya Jumapili. Miaka ikipita nafuu hiyo hutoweka, na mwishowe pumzi hairudi hata akistaafu. Kwa hiyo kupima watu Alhamisi ni kazi bure. Kanuni ya Marekani ya 1978 hutaka pumzi ipimwe siku ya kwanza kazini, baada ya saa 35 au zaidi mbali na vumbi: mara moja kabla ya zamu, tena baada ya saa 4 hadi 10 za kazi. Pumzi ikishuka kati ya vipimo hivyo, vumbi limeanza kazi yake. Kikomo cha kanuni hiyo kwa vumbi la hewani kwenye utengenezaji wa uzi ni maikrogramu 200 kwa mita moja ya ujazo.

Barakoa ya kitambaa haisaidii sana, kwani linaloumiza ni vumbi laini lisiloonekana. Dawa ni kulifyonza linapozaliwa: kila mashine ya kuchana ifunikwe, bomba liungwe kwenye feni, hewa ipite kwenye chujio. Hapo ndipo mambo huharibika. Chujio huziba, feni inaendelea kunguruma, watu wakaamini iko kazini kumbe haivuti kitu. Geji ya mgandamizo kwenye chujio huonyesha hilo mapema. Kosa jingine ni kupuliza mashine kwa kompresa zamu inapoisha (na husifiwa kuwa ni usafi!). Vumbi lililokwisha kutua hurudi hewani, na zamu inayoingia ndiyo hulivuta. Kitumike kifyonza vumbi.

Mkulima naye ana sehemu yake: pamba iliyochumwa pamoja na majani makavu hufika kiwandani na vumbi lake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Ombi letu kwa kaunti za Kisumu, Siaya na Busia ni kwamba mchoro wa mabomba ya kufyonza uletwe pamoja na mchoro wa jengo. Kuyaongeza mashine zikishafungwa sakafuni ni ghali, na mara nyingi nafasi huwa imekwisha.

Mafundi wa viwanda vya nguo,
Kisumu