Chumvi na mshipi: kwa wanaojiandaa kuvua baharini

Bwana Mhariri,

Sisi wa Bukavu tumezoea maji ya Ziwa Kivu yasiyo na chumvi, kwa hiyo wengi hurudi kutoka baharini na rili (vifaa vya kuzungushia mshipi) zilizoganda kwa chumvi. Zioshe jioni ileile kwa maji baridi yanayotiririka taratibu. Maji ya nguvu husukuma chumvi ndani ya beringi. Breki ya rili, inayozuia mshipi usitoke ovyo, ipime kwa mizani ya kuning'iniza: mshipi wa kilo 10 uanze kuachia kwenye kilo 3 hivi. Ukikaza kupita kiasi, fundo huweza kukatika kwanza. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kupanda chombo. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Jileti, yaani vazi la kuokoa maisha majini: muulize kiongozi wa safari kama lipo kabla hujalipa.

Mvuvi, Bukavu