Nguruwe wangu haoti, anatandika

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua, najua zinakuja nyingi lakini hili limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita na kila nikimsimulia mke wangu anacheka tu, bora niwasimulie wasomaji.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina steshenari ndogo hapa Uyole, Mbeya, siyo mbali na njiapanda ya kwenda Tukuyu. Nachapa barua, natoa kopi, nalamineti vyeti, na nyuma ya nyumba nafuga kuku na nguruwe wachache. Sasa akina mama wa kikundi kimoja cha ufugaji wakaniletea makabrasha ya semina, kurasa kama ishirini hivi, wakataka niwachapie upya kwa herufi kubwa maana wengine macho yameshachoka. Makabrasha ni ya Kiswahili, ila ukisoma mistari miwili tu unaona hiki Kiswahili kimetoka kwenye simu, yaani mtu kachukua Kiingereza kakibandika kwenye programu ya kutafsiri, kilichotoka kakiprinti hivohivo bila hata kukisoma, akaenda kufundishia watu wazima.

Nikafika ukurasa wa nguruwe. Imeandikwa: "Siku moja kabla ya kuzaa nguruwe jike ataanza kuota. Mpe nyasi kavu ili aote vizuri."

Nikaacha kuchapa. Mama mmoja alikuwa kwenye benchi anasubiri, kajifunika khanga mpaka masikioni maana ilikuwa asubuhi ya baridi yetu ile ya Juni, nikamsomea. Akafikiri kidogo akaniuliza, "Mwalimu, anaota ndoto ama anaota moto?" Mwenzake akadakia, "Labda anaota kama mchicha." Tukacheka mpaka mteja wa kopi akaingia kuuliza kuna nini.

Lakini ukicheka ukamaliza unabaki na swali, huyu mama akienda nyumbani na karatasi hiyo nguruwe wake atafanyaje? Maana jambo lenyewe ni la kweli na ni la muhimu. Nguruwe anabeba mimba siku 114 hivi, wafugaji tunahesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na ile siku ya mwisho anabadilika kabisa, hatulii, anaparua sakafu kwa miguu, anasukuma kwa pua, anakusanya majani kwa mdomo anayapeleka kwenye kona moja, anayageuza, anayarudia tena. Anatengeneza pa kuzalia. Ukiona hivo ujue usiku huo hulali, na kama banda ni saruji tupu na hujampa majani ataparua hiyohiyo saruji na atahangaika bure. Waingereza hiyo tabia wanaiita nesting, simu ikaona kuna kiota humo ndani, kutoka kiota ikajitungia kuota, basi nguruwe wa Mbeya akaanza kuota.

Nikaanza kulifuatilia hili neno nesting kwenye yale makabrasha, na hapo ndo nikagundua tatizo siyo nguruwe peke yake. Chimbuko la neno lenyewe huko kwenye lugha za kale za Ulaya ni maneno mawili yenye maana ya kukaa na chini, yaani mahali pa kukaa chini. Ndege akakaa. Baadae wakalitoa kwa ndege wakaanza kulitumia kwa kila kitu kinachokaa ndani ya kingine, bakuli ndani ya bakuli, wale wanasesere wa mbao wa Urusi walioanza kutengenezwa miaka ya 1890, ukifungua mmoja unamkuta mdogo wake, mpaka kwenye kompyuta huko. Neno lao limetembea njia yake. Sasa sisi tunataka neno letu kiota litembee njia hiyohiyo kwa kuburutwa, wakati lina njia yake! Na ninyi waandishi wa burudani ni mashahidi wangu, kila wiki mnaandika "kiota cha maraha" mkimaanisha baa yenye muziki, na hakuna aliyewafundisha hilo kutoka kwenye Kiingereza.

Kwenye kuku sina ugomvi, hapo kiota kimekaa mahali pake. Viota vya kutagia kila mfugaji anavijua, kiboksi cha kama futi moja kwa futi moja, kuku wanne watano wanashea kimoja, unaweka maranda, unakiweka kwenye giza kidogo kwasababu kuku hapendi kutaga anaangaliwa. Ila hata hapo angalia, Kiingereza kinaweza kusema kuku yupo kwenye nesting na usijue anafanya nini, sisi tunajua anatafuta pa kutagia, au anataga, au ameshalalia, na akilalia ni siku 21, hilo ni jambo lingine kabisa, ukichanganya kutaga na kulalia utaenda kumtoa kuku kwenye mayai yenye vifaranga.

Ndege wa porini nao sawa. Tena tuna mmoja kule Kitulo, mbayuwayu wa bluu, huyu anajenga kikombe chake cha tope na majani chini ya ardhi, kwenye dari ya shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama anayekula mchwa. Kiota ndani ya shimo la mwenzake. Huyo ndo ningempa cheti cha nesting kwa maana zote mbili kwa mpigo, wengine wote wasubiri.

Shida kubwa ilikuwa kurasa za mwisho, za kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta. Zimeandikwa "weka kiota cha KAMA" na "KAMA yenye viota vingi". Ni nesting ileile tena, na KAMA hiyo ni IF ya Excel, ile programu ya majedwali kwenye kompyuta. Mhariri, mimi hayo mambo nayajua, nimejaza matokeo ya wanafunzi kwenye Excel miaka kibao kabla sijastaafu, na ilibidi nisome mara tatu ndo nikaelewa anataka kusema nini. Ni hivi. Madaraja ya kidato cha nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F. Unataka kompyuta iandike yenyewe. Unaiuliza, je hii alama imefika 75? Kama imefika andika A. Kama haijafika, badala ya kuipa jibu unaipa swali lingine, je imefika 65? Isipofika, ndani ya hilo swali kuna lingine la 45, na ndani yake lingine la 30, isipofika na hapo ndo inaandika F. Maswali manne, kila moja liko tumboni mwa mwenzie, na mwisho unafunga mabano manne, ukisahau moja kompyuta inaweza kukugomea na walimu wenzio wamesimama mgongoni wanasubiri listi. Zamani Excel ilikuwa haikubali zaidi ya saba kubebana namna hiyo, kuanzia toleo la 2007 inafika 64, ingawa mtu anayefikisha 64 mi namwombea.

Sasa hapo kiota kinaingiaje? Walimu vijana niliowafundisha nilikuwa nawaambia "KAMA ndani ya KAMA" basi, na wote walishika. Nenda Mwanjelwa kwa wauza vyombo uulize zile sufuria za seti, atakwambia zinaingiana, hizi hapa saba zinaingiana. Ndoo zimepachikana. Sahani zinabebana. Maneno yapo sokoni yamejaa, hayauzwi hata.

Na fundi rafiki yangu anayetengeneza makabati, ana plaiwudi ya futi nane kwa nne mbele yake, kabla hajashika msumeno anachora kwanza vipande vyote kwenye ubao, mlango hapa, shelfu pale, kile kipande chembamba anakilaza pembeni, anafuta, anachora tena, lengo lake akate kabati zima na abakiwe na vipande vya kuwashia moto tu. Fundi cherehani na kitenge naye hivohivo. Viwandani wana programu za kompyuta za kupanga vipande namna hiyo na Kiingereza wanaiita nesting pia, we fikiria. Rafiki yangu anamwambia kijana wake "panga kwanza, ndo ukate". Ukimwambia aweke viota kwenye plaiwudi atakuuliza vya kuku wangapi.

Mengine nayapitia haraka. Mama mjamzito akikaribia siku zake anaanza kusugua nyumba, binti yangu alikuja kutoka Iringa mimba ina miezi minane akafua mapazia yote ya mama yake na kupanda kwenye stuli kufuta buibui, tukamshusha kwa kelele. Hiyo nayo wanaiita nesting. Mke wangu alisema tu "anajiandaa", na jirani alivyosikia alijua siku zimekaribia. Halafu huko Ulaya na Marekani kuna wazazi wakiachana watoto wanabaki kwenye nyumba ileile, wazazi ndo wanakuja na kuondoka kwa zamu, nayo ni nesting. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanzia kwenye dhana kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, mpaka ionekane vinginevyo, hayo ya kuhama wazazi hatujayazoea, ila siku tukiyaandika gazetini tuseme wazazi wanapokezana. Kila msomaji ataelewa. Tukiandika "wazazi wanaweka kiota" watu watadhani wamerudiana!

Kwahiyo ombi langu kwako Mhariri na kwa wote wanaotafsiri, msiulize neno hili kwa Kiswahili ni nini, ulizeni huyu hapa anafanya nini, halafu mkamuulize anayeifanya hiyo kazi anaitaje. Simu haijawahi kufuga nguruwe.

Makabrasha niliyarekebisha, sikuwaongezea bei. Pale kwa nguruwe nilimuuliza yule mama wa khanga, akasema bila hata kufikiri, "Si anatandika huyo." Nikaandika hivyo: siku moja kabla ya kuzaa nguruwe huanza kutandika, mpe majani makavu ya kutosha. Wiki iliyopita saa nne usiku simu ikaita, ni yeye, hata salamu hakutoa. "Mwalimu, anatandika." Asubuhi watoto tisa.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya