Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vifo vya Barabarani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha bodaboda hapa Tabora,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Suala la maegesho bado liko mezani kwa wakubwa, likiiva tutaitana. Mimi leo nina jambo moja, vifo.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Kati ya 2010 na 2021 vifo hivyo vilipungua duniani kwa asilimia 5, lakini Afrika viliongezeka kwa asilimia 17. Hesabu ya kimataifa huingiza kila anayefariki ndani ya siku 30 tangu ajali. Kamati imeagiza madaftari ya vijiwe yafuate utaratibu huo: aliyepasuka kichwa Jumatatu akafia wodini wiki ya pili ni kifo cha barabarani, hata kama pikipiki yake ilishatengenezwa na iko kazini na dereva mwingine.

Ukiuliza chanzo, vijiweni utajibiwa: barabara mbovu. Mimi sikubali. Kwenye mashimo tunaanguka na kuchubuka. Lami ya kwenda Nzega au Urambo ndiyo inayotuita kukimbia. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Na mwendo wetu una mzizi: hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo dereva lazima ampelekee mwenye pikipiki kila siku. Kijana ambaye jua linazama hajaifikisha hapunguzi kwenye zebra, anaovateki lori konani, anapakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja. Tumewaomba wenye vyombo wapunguze hesabu siku za mvua. Wachache wameitikia, mmoja alituambia tukaombe sadaka msikitini.

Kisha kofia ngumu. Asiyeivaa yuko kwenye hatari ya kufa zaidi ya mara sita kuliko aliyeivaa na kufunga mkanda. Tunazo, ila zinaning'inia kwenye usukani mpaka trafiki aonekane. Abiria nao wanazikataa, wengine kwa ajili ya nywele, wengine kwa jasho la aliyetangulia. Hoja ya jasho ni ya haki kabisa, hata mimi nisingeivaa. Kwa hiyo kamati inapendekeza mfuko wa chama ununue kofia za kitambaa za kuvaa ndani, zinazofulika, kila dereva awe nazo kadhaa.

Pendekezo hili lipigiwe kura kabla ya uchaguzi wa viongozi, maana uchaguzi ukiisha ukumbi hubaki mtupu.

Mwenyekiti