Samani za kifalme: tunanakili dhahabu, tunaacha mbao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie makala ya juma lililopita kuhusu samani zinazoitwa za kifalme, ambazo sasa zimejaa katika kumbi za harusi na sebule za wenye uwezo hapa Moshi na Arusha. Mwandishi alieleza kuwa mtindo huo ni wa Ufaransa ya karne ya 18, kisha akatulaumu mafundi kwa kunakili vitu vya kale. Mimi ni seremala wa Pasua, na lawama naipokea, ila si kwa sababu aliyoitoa.

Picha ambazo wateja hutuletea kwenye simu, zenye kabati lililotokeza tumbo, miguu iliyopinda na majani ya shaba yenye dhahabu kila kona, aghalabu si za enzi za Mfalme Louis wa 15, aliyefariki mwaka 1774. Zinafuata kazi za karakana za Paris za miaka ya 1880 na 1890, na mafundi wa karakana hizo nao walikuwa wakinakili. Ile meza ya kuandikia ya mfalme huyo, ambayo fundi Oeben aliianza mwaka 1760 na fundi Riesener akaimaliza mwaka 1769, ilinakiliwa na Henry Dasson na baadaye na François Linke, mafundi wa karakana hizo za Paris, wala hakuna aliyewaita wavivu.

Linke mwenyewe hakuwa Mfaransa. Alizaliwa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, mwaka 1855, akafika Paris akiwa kijana wa miaka 20, na mwaka 1881 akawa na karakana yake katika mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, ambao ulikuwa mtaa wa maseremala kwa karne nyingi. Akishirikiana na mchongaji Léon Messagé, aliichukua mikunjo ya makombe na mawimbi ya zamani, akaichanganya na mtindo mpya wa wakati wake, na kwenye Maonesho ya Paris ya mwaka 1900 meza yake kubwa ilipata medali ya dhahabu. Alianza kwa kunakili, akaishia kubuni.

Na nyuma ya nakshi hizo kulikuwa na kazi ambayo picha haiioneshi. Mapambo yalifinyangwa kwanza, yakasubiwa kwa shaba, yakasafishwa kwa patasi ndogo ndogo, ndipo yakapakwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki na kuchomwa motoni mpaka zebaki iruke. Wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu wanaujua vizuri moshi huo na madhara yake, na ndiyo maana si ajabu kwamba karakana nyingine zilikwisha kuhamia kwenye njia ya kupaka dhahabu kwa umeme. Chini ya mapambo kulikuwa na vinia, yaani ubao mwembamba wa kubandika juu, ya mti wa Brazili wenye mbao za rangi ya zambarau uitwao kingwood, ambao ni wa jenasi moja na mpingo wetu, jambo ambalo nilipolifahamu nilibaki nikiutazama mpingo kwa jicho jingine. Chini ya vinia ndiko kwenye siri yenyewe: mwaloni uliokauka sawasawa, vipande vikiunganishwa kwa gundi na kuchongwa kufuata lile tumbo, ili vinia isipate sababu ya kubanduka.

Sisi tunachukua nini kutoka katika hayo yote? Rangi ya dhahabu ya kupuliza. Nasema sisi kwa kuwa nami nimo: kabati langu la kwanza la mtindo huo nililitengeneza kwa mbao mbichi, kwa sababu mteja alitaka lifike kabla ya harusi, na lilipopigwa na joto la Januari mlango ulipinda na tumbo likapasuka kutoka juu hadi chini. Rangi ilibaki inang'aa vilevile.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mtakapochapa tena picha ya samani hizo, naomba mwoneshe pia mgongo wa kabati na ndani ya droo, mahali ambapo fundi hujulikana. Siku hizi mteja akinijia na simu yake, humuuliza kwanza kama yuko tayari kusubiri miezi kadhaa mbao zikauke. Wengi huaga na kwenda kwa jirani.

Fundi Seremala,
Pasua, Moshi.