Malalamiko kuhusu kadi ya Roberto Clemente yenye saini mliyoiuza dola 385

Pittsburgh, Pennsylvania
7 Oktoba 2024

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZWA KWA KADI YANGU KINYUME NA MAKUBALIANO

Somo la hapo juu lahusika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi wenyewe mlitufuata kwa Kiswahili, sisi tulioko Marekani, mkatuambia tuwaletee vitu vyetu vya thamani mtuuzie mtandaoni ili tuondokane na usumbufu. Nikawaletea. Usumbufu wenyewe ndio huu.

Jumamosi ya tarehe 20 Julai 2024 nilimkabidhi kijana wenu wa mapokezi kadi moja ya besiboli, zile za kukusanya zenye picha ya mchezaji, toleo la kampuni ya Topps la mwaka 1968, ya Roberto Clemente, mchezaji wa timu ya Pittsburgh Pirates, ikiwa na saini yake ya peni ya bluu. Ilikuwa imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki na wahakiki wa saini, na lebo yao juu yenye namba. Kijana aliishika kwa ncha za vidole, taratibu, nikasema moyoni hapa nimefika kwa wenyewe. Tukajaza fomu. Kipengele cha 4 kinasema mnada utakuwa wa siku 7, utafungwa Jumapili saa 3 usiku, na kadi haitauzwa chini ya dola 2,400. Chini yake mtathmini wenu ameandika kwa mkono wake makadirio: dola 2,800 hadi 3,500.

Hiyo 2,400 sikuiokota njiani. Kabla ya kuja kwenu nilikaa wiki tatu kila usiku nikitazama minada iliyokwisha. Nasema iliyokwisha, maana kuomba ni bure, mtu anaweza kuombea kadi yake bei ya nyumba. Nilitazama pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu. Nikaziweka pembeni saini zilizo kwenye vikaratasi vitupu, nikaweka pembeni mipira, kwa sababu zamani ilikuwa kawaida kijana wa chumba cha wachezaji kumsainia mchezaji mpira, na wanunuzi wanaliogopa jambo hilo. Nikabaki na kadi zilizosainiwa kwa mkono na kuhakikiwa, basi. Kadi ya 1968 bila saini si kitu cha ajabu, zipo nyingi. Thamani yote imekaa kwenye ule wino. Clemente alifariki tarehe 31 Desemba 1972, ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la Nicaragua ilipoanguka baharini karibu na San Juan. Alikuwa na miaka 38. Wachezaji wenzake wengine wameishi hadi uzee wakisaini kwenye maonyesho ya kadi mwaka baada ya mwaka. Yeye hakupata uzee huo, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo.

Sasa tuje kwenye mlichofanya.

Tangazo lenu liliandikwa hivi: kadi ya Topps 1968, Bob Clemente, saini ya kuchapishwa. Nimelisoma mara nyingi na bado linanishangaza. Ni kweli kadi yenyewe imeandikwa Bob. Topps walimwita Bob kwenye kadi zao kwa miaka, hadi ya 1969, na yeye jina hilo hakulipenda, alikuwa Roberto. Ndiyo maana saini iliyopita juu ya picha inasomeka Roberto Clemente, herufi zote, hakuna Bob. Mtu anayetafuta saini yake mtandaoni anaandika Roberto. Tangazo lenu halikuwa na neno hilo hata mara moja, kwa hiyo aliyekuwa na pesa mkononi hakuliona.

Na hili la saini ya kuchapishwa ndilo lililomaliza kazi. Kadi za Topps za 1967 zina saini iliyochapishwa kiwandani. Za 1968 hazina. Zina ukingo wa rangi ya gunia, jina chini, basi. Yeyote anayeuza kadi kwa riziki yake anatakiwa kulijua hili kama muuza samaki anavyojua changu na tasi. Kama si hivyo, angalau angesoma lebo. Iko juu ya kasha, kwa herufi kubwa.

Picha nazo ni mbili, zote za mbele. Taa imepiga kwenye plastiki pale pale saini ilipo, pameng'aa kama bati jipya. Namba ya wahakiki imekatwa nusu. Kama ningekuwa mnunuzi, nisingetoa hata dola mia.

Bei ya kuanzia mliweka senti 99. Kuanzia chini si kosa, wengi wanaanzia hapo ili watu wachangamke, lakini wanaofanya hivyo wanaweka pia kile kiwango cha siri ambacho chini yake mali haitoki. Kiwango tulikubaliana. Hamkukiweka. Mnada ukafunguliwa Alhamisi tarehe 29 Agosti, ukakaa siku 5 badala ya 7, ukafungwa Jumanne tarehe 3 Septemba saa 10 na dakika 10 alfajiri. Jumatatu yake ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, nusu ya nchi iko safarini, nusu imelala. Katika minada hii watu hupambana dakika ya mwisho. Dakika yangu ya mwisho mliiweka saa ambayo hata mimi mwenye mali nilikuwa nakoroma.

Kadi ikaenda kwa dola 385. Bei ya nyanya za jioni.

Halafu ikaja hundi, na mchanganuo wake. Kamisheni asilimia 15, dola 57.75, sawa, ndiyo mkataba. Ada ya picha, dola 25. Picha zile! Na ada ya bima asilimia 2, dola 60. Hapa nilichukua kalamu nikapiga hesabu: dola 60 ni asilimia 2 ya dola 3,000. Kwa maana hiyo, kwenye daftari la bima kadi yangu ilikuwa ya dola 3,000, na kwenye mnada ikawa ya senti 99. Ofisi ni moja, kadi ni moja. Nilibakishiwa dola 242.25.

Nilipopiga simu, dada aliyepokea aliniambia kwa upole kwamba mnada ni mnada. Wa pili akaniambia soko limeshuka. Siku mbili baadaye nikapata kuponi ya dola 50 ya kupunguziwa kamisheni nikileta kadi nyingine.

Naomba niwaeleze kadi hiyo ilitoka wapi, si kwa kuwasikitisha, ila ili mjue kwa nini naitambua popote. Ilikuwa ya baba mkwe wangu. Mwaka 1968 alikuwa na miaka 12, aliikuta kwenye pakiti ya senti 5 pamoja na bigijii, akaipeleka Forbes Field, uwanja wa Pirates wa wakati huo, na kumsubiri Clemente getini baada ya mechi. Peni ilikuwa ya dada yake na ilikuwa inakataa. Kwenye herufi t ya Clemente kuna kipengo ambapo wino uligoma, kisha ukarudi kwa nguvu, mzito kidogo kuliko mwanzo. Kona ya kulia chini imelala, kwa sababu mzee aliilaza miaka yote kwenye kopo la tumbaku. Mimi mtu wa Tanga, niliyekulia kwenye mpira wa miguu, ni mzee huyo aliyenifundisha besiboli hadi nikaielewa, na kunionyesha kipande cha ukuta wa Forbes Field kilichobaki kule Oakland, mtaa wa hapa Pittsburgh. Alifariki mwaka jana, akaniachia kadi. Mama mkwe ndiye aliyesema iuzwe, tununue mashine mpya ya kupasha nyumba joto. Baridi ya Pittsburgh haingoji mtu.

Tarehe 26 Septemba niliiona tena mtandaoni. Kipengo kile kile, kona ile ile, namba ile ile kwenye lebo. Safari hii imeandikwa Roberto, saini ya mkono, imehakikiwa, picha nne safi. Inaombewa dola 3,900. Najua bei inayoombwa si bei inayolipwa, nimeshasema. Wala sisemi aliyeinunua ni mtu wenu. Nasema aliyeiandikia tangazo alitumia, kwa kukadiria, dakika kumi.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Mwiteni mnunuzi, mumrudishie pesa yake kwa gharama zenu na mnirudishie kadi. Au mnilipe kana kwamba mkataba ulifuatwa: dola 2,400, mtoe kamisheni yenu ya asilimia 15 ambayo ni dola 360, mtoe na bima dola 60, ibaki 1,980. Ada ya picha siitambui. Hundi yenu sikuipeleka benki, narudisha pamoja na barua hii, na nimeambatanisha nakala ya fomu yenye mwandiko wa mtathmini, picha nilizopiga mwenyewe kabla ya kuwakabidhi, na nakala za matangazo yote mawili, lenu na la mwenzenu.

Nasubiri majibu kwa maandishi hadi Jumatatu tarehe 28 Oktoba 2024. Yasipokuja, nitapeleka lalamiko kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania, idara ya kulinda walaji, na nitafungua dai kwa hakimu wa wilaya, ambaye husikiliza madai yasiyozidi dola 12,000. Langu halifiki hata robo.

Kuponi nayo imo ndani ya bahasha, nairudisha. Sina kadi nyingine.

Wenu,
Mteja (saini iko kwenye nakala ya karatasi, ya peni, si ya kuchapishwa)